Kijana Aliyecheza kwa Jina la Mdogo Wake

Nyumbani kwao Mofu aliitwa Fulgensi. Shuleni aliitwa Severini, na kwa miaka saba na ushei aliitikia majina yote mawili bila kukosea, isipokuwa siku chache alipoamshwa ghafla bwenini, akabaki kimya kwanza mpaka akumbuke yuko wapi.

Severini alikuwa mdogo wake. Alizaliwa mwaka 1938, akafa kwa homa masika ya mwaka 1946, maji yakiwa yamekizingira kijiji hata katekista akafika siku ya tatu baada ya maziko. Kwa sababu ya mafuriko hayo na shughuli nyingine nyingi, habari za kifo hicho hazikupelekwa misheni. Cheti cha ubatizo kikabaki ndani ya kopo la chai, juu ya kichanja, pamoja na vyeti vya wengine.

Januari iliyofuata baba yao, Mzee Ildefonce, alimchukua Fulgensi kwenda kumwandikisha shule. Ilikuwa shule ya mbali, mwendo wa saa nne kwa miguu, mahali ambapo nyumba yao haikujulikana. Mwalimu wa pale alikuwa akiwapokea watoto wasiozidi miaka tisa. Fulgensi alikuwa na miaka kumi na miwili, maana alizaliwa mwaka wa nzige wa mwisho, lakini alikuwa mdogo wa umbo, miguu kama vijiti. Mzee Ildefonce akasimama kwenye foleni akiwasikiliza wazazi waliomtangulia wakirudishwa na watoto wao. Ilipofika zamu yake akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa cheti, akakiweka mezani. Mwalimu akakisoma, akaandika. Basi.

Walipokuwa wakirudi, baba akamwambia, "Mama yako usimweleze."

Lakini mama alijua kabla jua halijazama, kwa kuwa kopo la chai lilikuwa limebaki wazi. Hakupiga kelele. Alikitazama cheti, akamtazama mwanawe wa kiume aliyebaki, akaenda kutwanga. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena kwa jina lolote. Alimwita "mwanangu", au "baba", au alimgusa bega tu.

Ndivyo Fulgensi alivyosoma, kwanza hapo, kisha katika shule ya kati ya bweni huko Ifakara. Alikuwa mwanafunzi wa wastani, mwenye mwandiko mzuri na sauti ndogo. Kwa kila mwaka uliopita alirefuka, akajaa kifua, na ilipofika darasa la sita akawa anaamka kabla ya wenzake kwenda kunyoa kidevu kwa kipande cha wembe. Alipokwenda kuungama alihesabu dhambi zake vizuri, lakini hiyo moja hakuitaja, kwa sababu hakujua aiweke chini ya amri ipi. Hakuwa ameiba. Hakuwa amesema neno. Aliitwa, akaitikia.

Mwaka 1952 baba yake alifariki, na mzigo wote wa nyumba ukamwangukia yeye: mama, dada wawili wadogo, na shamba la mpunga kandokando ya mto. Tangu hapo uchovu ukawa kama nguo yake ya kila siku. Likizo alilima, likizo alipanda, likizo alikaa juu ya jukwaa la dungu kuamia ndege wasile mpunga tangu alfajiri mpaka jioni, kisha shule ikifunguliwa alirudi Ifakara na mikono iliyopasuka, wenzake wakisimuliana jinsi walivyopumzika.

Sataranji alifundishwa na Padre Klaudi. Padre huyo alikuwa Mswisi mwembamba, mkuu wa shule yao ya kati, naye aliuleta mchezo huo kwa sababu, alisema, mvua za Ifakara ni ndefu na wavulana wasio na kazi huvunja madirisha. Fundi seremala wa misheni alichonga kete: mfalme, malkia, minara, maaskofu, farasi, na safu ya askari wadogo mbele yao. Nyeupe zilichongwa kwa mti mweupe, nyekundu kwa mninga. Wavulana walimcheka sana askofu anayetembea mshazari. Wengi waliucheza mchezo huo kama mbio, wakila kila kilicholika. Fulgensi aliucheza kama anavyoamia ndege. Alikaa, akatazama, akangoja. Hakuna aliyeuona ufundi wowote katika kukaa kwake, mpaka walipojikuta hawana pa kwenda.

Mwalimu Theodori, aliyewafundisha hesabu, ndiye aliyekigundua kipaji hicho. Alikuwa kijana bado, mwenye majivuno ya haki, na hakuwahi kuwa na mwanafunzi aliyeshinda chochote. "Severini," alisema, "kikombe kile kitakaa kwenye kabati yetu."

Kikombe chenyewe kilikuwa cha mashindano ya vijana ya sataranji, yaliyoandaliwa Ifakara mwezi wa Juni mwaka 1954. Shule tano za misheni zilialikwa, za bondeni na za milimani upande wa Mahenge. Kila mchezaji asizidi miaka kumi na sita. Mshindi angepewa blanketi na kalamu ya wino, na shule yake kikombe. Kwa vyeti, Severini alikuwa na kumi na sita kamili.

Juni ni mwezi wa mavuno. Fulgensi aliomba ruhusa ya wiki mbili, akaenda Mofu kuvuna. Alimkuta mama yake, Yosefina, akiwa na homa inayokuja na kuondoka, na nusu ya mpunga umeshalazwa na viboko. Alivuna, akapura, akabeba magunia mpaka ghalani. Siku mbili kabla ya mashindano akamlaza mama yake ndani ya mtumbwi juu ya matete, akashika upondo, wakashuka na mto kuelekea Ifakara ili akatibiwe. Safari ilichukua siku nzima na nusu. Walipofika, vidole vyake havikuweza kukunjuka vizuri. Alimwacha mama zahanati, kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, akaenda bwaloni kujiandikisha. Mwalimu Theodori alimtazama miguu iliyojaa tope, akasema tu, "Kanawe."

Wachezaji walikuwa kumi na sita. Siku ya kwanza Fulgensi alishinda mara mbili. Michezo yenyewe hakuikumbuka baadaye. Alikumbuka benchi lilivyokuwa gumu, na harufu ya maharage kutoka jikoni. Siku ya pili alishinda tena. Mvulana aliyeshindwa alilia, naye Fulgensi akajisikia vibaya kama mtu mzima aliyemnyang'anya mtoto muwa.

Fainali ilikuwa siku ya tatu, saa tatu asubuhi. Mpinzani wake aliitwa Viktor, kutoka shule ya milimani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, kichwa kikubwa, shingo nyembamba, na alipokaa kwenye benchi miguu haikugusa sakafu. Alikuwa na tabia ya kuimba puani anapofikiri, wimbo mmoja wa misa, ubeti mmoja, hauishi.

Kabla hawajaanza, Mwalimu Hermenegildi aliyekuja na Viktor alisimama. Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake na miwani.

"Padre, mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Tumetembea siku tatu, tumevuka mto, tumepokewa vizuri. Lakini kijana huyu ananyoa."

Bwalo zima likacheka. Fulgensi aliinamisha kichwa. Padre Klaudi hakucheka. Akafungua faili, akatoa cheti, akakisoma kwa sauti: Severini, mwana wa Ildefonce na Yosefina, amezaliwa mwaka 1938.

"Cheti nakiheshimu," alisema Mwalimu Hermenegildi. "Kidevu nacho nakiona."

"Wapo wanaoota ndevu mapema," alisema Mwalimu Theodori, akiwa amekasirika mpaka masikio. "Na kama ni ushahidi mnataka, mama yake yuko hapahapa Ifakara, zahanati. Aulizwe mzazi wake!"

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, kwa kuwa hakujua lolote. Padre akakubali. Mchezo uanze, akasema, na mama aitwe mchana, akiwa na nguvu za kuja. Fulgensi alisikia maneno hayo kama anayesikia kwa mbali watu wakigawana mzigo wake.

Wakaanza. Sheria ya Padre ilikuwa kwamba mtu asifikiri zaidi ya dakika kumi. Mbele yake aliweka saa ya mezani, na muda ukipita aligonga meza kwa rula. Viktor alicheza haraka, mkono wake mdogo ukiruka kama kijogoo kinachodonoa. Fulgensi alicheza polepole. Mara mbili rula iligongwa, na mara ya pili haikuwa kwa sababu alikuwa akifikiri. Alikuwa amelala macho wazi, akiona maji yakipita kando ya mtumbwi.

Mpaka saa sita mchana kete nyingi zilikuwa zimeshaondoka ubaoni. Fulgensi alibaki na mfalme, mnara mmoja, farasi mmoja na askari watatu. Viktor alikuwa na mfalme, mnara, askofu na askari wanne, na mmoja wa hao wanne alikuwa amepenya, njia tupu mbele yake, zimebaki hatua tatu tu afike mwisho na kugeuka malkia. Kila aliyeujua mchezo aliona nani anaelekea kushinda. Padre alichora hali ya ubao kwenye karatasi, akawaambia wakale.

Fulgensi hakwenda kula. Mwalimu Theodori alimfuata nje, akamshika mkono.

"Nenda kamweleze mama yako asiogope. Wazee wetu wakiona karatasi hupoteza maneno. Mwambie aseme mwaka tu. Thelathini na nane. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Na wewe uko nyuma kwa askari mmoja. Amka, kijana."

Mama yake alikuwa amehamia mwisho wa baraza la zahanati, palipokuwa na upepo, amejifunika kanga mpaka kidevuni. Homa ilikuwa imeshuka kidogo. Macho yake yalikuwa makubwa usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado." Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Kukaa huko kulikuwa kutamu. Kisha akamweleza yote, kidevu, cheti, na kwamba ataitwa.

Yosefina alisikiliza. "Wataniuliza Severini alizaliwa lini?"

"Ndiyo."

"Nitawaambia. Thelathini na nane, mwezi wa tano, nilikuwa shambani. Huo si uongo."

"Na wakikuuliza kama Severini ndiye mimi?"

Mama alivuta kanga. Ng'ambo ya ua mama mmoja alikuwa akimwogesha mtoto ndani ya karai, mtoto akipiga mayowe.

"Nitasema ndiye," alisema. "Mnataka niseme nini? Nimechoka, mwanangu. Baba yako alitaka, nikanyamaza. Unajua kwa nini msalaba wa mdogo wako hauna jina? Nilimwambia aandike. Akasema, tutaandikaje jina la mtu anayesoma darasa la kwanza? Nikanyamaza. Likaja darasa la pili. Nikanyamaza. Umebakiza miezi mitano umalize. Nitanyamaza nayo pia."

Fulgensi alikuwa ameliona kaburi lile mara nyingi, na kwa ujinga wake alidhani mchwa ndio walioyala maandishi. Akamwomba maji, akanywa, akamwekea kibuyu karibu na mkono.

"Je, huyo mtoto mnayecheza naye," mama akauliza, "anashinda?"

"Anashinda."

"Basi labda yatakwisha yenyewe," alisema, akafumba macho.

Njiani kurudi bwaloni Fulgensi alifikiri juu ya jambo hilo. Akishindwa, hapatakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote kitu. Mwalimu Hermenegildi atachukua kikombe chake, mama atapumzika, Novemba yeye atafanya mtihani wa darasa la nane, na Severini atapata cheti kingine. Ilikuwa njia rahisi, nayo ilikuwa wazi mbele yake kama ya yule askari wa Viktor. Alipokaa mezani alikuwa karibu ameshaamua.

Lakini ubao ni kitu cha ajabu kwa mtu aliyeuzoea. Aliutazama tu, bila kutaka, na akaona. Farasi wake alikuwa hatua mbili kutoka mraba mmoja ambao, akitua hapo, angemgusa mfalme wa Viktor kwa mguu mmoja na mnara wake kwa mguu mwingine. Kitu kimoja tu kilihitajika: Viktor aendelee kufanya haraka.

Ilikuwa zamu ya Fulgensi. Mkono wake ukamsogeza farasi hatua ya kwanza. Hakujua kama aliuamuru.

Viktor aliimba puani, akamsukuma askari wake. Zilibaki hatua mbili. Watoto wa milimani wakapigana viwiko kwa furaha. Fulgensi akaweka farasi pale mahali.

"Shaha," akasema.

Wimbo ukakatika. Viktor alitazama. Mfalme hana budi kukimbia. Alipokimbia, farasi akaula mnara. Askofu akamla farasi, lakini sasa Fulgensi alikuwa na mnara, na mnara ule ukashuka ukasimama nyuma ya askari mkimbizi, ukamla alipokuwa amebakiza hatua moja afikie umalkia. Yaliyobaki yalikuwa kazi tu. Viktor aliendelea kwa muda mrefu, dakika kumi zake zote kila mara, hata rula ikagongwa. Saa tisa na nusu alimlaza mfalme wake ubaoni, akafuta pua kwa kiganja.

Shule yao ilipiga makofi. Mwalimu Theodori aliruka kama mtoto. Fulgensi hakusikia furaha. Alisikia njaa, na juu ya njaa alitamani kulaza kichwa kwenye ule ubao.

Yosefina alikuwa ameshaletwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, peke yake. Padre Klaudi alinyamazisha watu, akamwita kwa upole.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele, amina."

Alisimama akishika ukuta. Homa ilikuwa imerudi. Mwalimu Theodori alimsogezea kiti, lakini yeye hakukiona.

"Hatutakuchosha," Padre alisema. "Kijana huyu ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa mimi."

"Jina lake nani?"

Lilikuwa swali la utaratibu tu, kalamu ya Padre ikiwa imeshainuliwa kuandika. Yosefina akafungua kinywa. Midomo yake ikalishika lile jina, ikaanza herufi yake ya kwanza, "Se—", nalo likagoma. Akajaribu tena. Si kwamba alikuwa amekataa kusema. Kila aliyemwona angeapa kwamba alikuwa akijitahidi. Machozi hayakumtoka. Alisimama tu pale, mkono ukutani, akihangaika na neno kama mtu anayehangaika na mlango ulioshikwa na unyevu, na watu sitini wakimngoja.

Fulgensi aliona mkono wa mama yake ukiteleza ukutani. Baadaye watu walisema alikuwa jasiri, na wengine wakasema alikuwa mpumbavu, lakini yeye mwenyewe alijua kwamba hakufikiri lolote la ujasiri wala la ukweli. Alitaka mama yake akae chini.

"Fulgensi, Padre," alisema akiwa bado amekaa. "Mimi ni Fulgensi. Severini alikufa. Mwacheni akae."

Mama yake akakaa, polepole, akiteleza na ukuta. Padre Klaudi aliweka kalamu chini.

"Una miaka mingapi?"

"Nilizaliwa mwaka wa nzige wa mwisho. Ishirini, labda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipokuja nilikuwa nimeshakuwa Severini," alisema.

Mwalimu Theodori alitoka nje bila kumtazama mtu. Mwalimu Hermenegildi, ambaye alikuwa amepata alichokitaka, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda kumsaidia Yosefina kunyanyuka, akimwambia, "Pole, dada. Pole sana."

Kikombe alipewa Viktor jioni hiyohiyo, pamoja na blanketi na kalamu ya wino. Yeye alionekana hajali sana. Watu walipokuwa wakitoka aliwapenya akafika kwenye meza ambapo Fulgensi alikuwa akirudisha kete kwenye sanduku, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

"Kaka," alisema, "kama ningemsogeza mfalme kwanza, kabla ya askari?"

Fulgensi alimtazama. Akatoa tena kete chache, akazipanga zilivyokuwa saa sita.

"Hapa?"

"Hapo."

"Ungenishinda."

Viktor alitazama ubao, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Wakakaa hapo wote wawili mpaka mpishi alipokuja kutandika meza.

Padre Klaudi hakumfukuza. Aliandika barua kwa ofisi ya elimu, akaeleza habari yote, akaomba kijana afanye mtihani kwa jina lake mwenyewe. Jibu lilikuja mwezi wa Agosti: majina yalikuwa yameshapelekwa, Severini hayupo, na Fulgensi amepita umri. Padre alimsomea barua hiyo ofisini, kisha wakakaa wakitazamana, wote wawili wakiwa wamechoka. "Ningekuwa na la kufanya ningelifanya," alisema Padre. Akampa kikoi na sala moja ya Kilatini ambayo Fulgensi hakuielewa. Mwalimu Theodori hakuja kumuaga.

Alirudi Mofu kwa miguu. Mama yake alikuwa amepona, amekonda. Siku chache baadaye, Fulgensi akiwa shambani, mama alikwenda na katekista makaburini na rangi kidogo ndani ya kopo, wakaandika walichokwenda kuandika. Hakumweleza, naye hakuuliza. Aliiona rangi kwenye vidole vyake wakati wa kula.

Alilima misimu miwili. Msimu wa pili maji yalichukua kila kitu, hata dungu. Akaja Ifakara kutafuta kazi, akaipata kivukoni, kwenye pantoni ya kuvusha watu na magari kwenda upande wa Mahenge. Ilikuwa kazi ya kuvuta kamba, wanaume kwa mstari, kifua kikiegemea, tangu kulipokucha. Walimwandika Fulgensi Ildefonce. Mwaka 1957 alimwoa Digna, binti wa mvuvi wa pale pale kivukoni, mwanamke wa maneno machache aliyekaanga samaki na kuuza. Dada zake waliolewa. Mama yake alihamia kwao, akawa analalamikia mbu wa Ifakara kana kwamba wa Mofu walikuwa na adabu.

Sataranji hakuicheza tena. Si kwa uchungu. Aliporudi jioni alikuwa na nguvu za kunawa na kula tu, na hata Digna alizoea kumtoa bakuli mkononi akiwa ameshasinzia.

Siku moja ya kiangazi mwaka 1959 gari la misheni liliingia kwenye pantoni likiwa na vitanda, kuku na mabegi, na nyuma ya mizigo alikaa Mwalimu Theodori na mke wake na watoto watatu. Alikuwa amehamishiwa shule ya milimani. Mvi zilikuwa zimeanza pembeni ya kichwa. Fulgensi alikuwa wa tatu kwenye kamba. Walionana mara moja, na hakuna aliyeweza kujifanya hajaona, kwa sababu pantoni ni ndogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Theodori alishuka kwenye gari. Alisimama karibu naye kidogo, akitazama maji, mikono nyuma kama alivyozoea darasani. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko hapo nyumbani."

"Nilimsimamisha pale mbele za watu," alisema Theodori. "Mimi ndiye niliyesema aulizwe."

"Hukujua, Mwalimu."

"Sikujua. Baadaye nilikasirika. Nilikasirika muda mrefu mno, nadhani kwa sababu ya kikombe."

Msimamizi wa kamba akapiga kelele kwamba mmoja wao ameumwa kifua, nafasi iko wazi, mkondo una nguvu. Mwalimu Theodori alivua koti, akampa mke wake, akakunja mikono ya shati, akaingia kwenye mstari nyuma ya Fulgensi, akashika kamba. Hakuwa mzoefu, alivuta kwa mikono badala ya mgongo, na kabla hawajafika katikati pumzi ilikuwa imemwishia.

"Egemea, Mwalimu," Fulgensi alimwambia bila kugeuka. "Usivute. Egemea tu, kamba itakuja."

Wakaegemea. Upande wa pili gari jingine lilikuwa limeshapanga foleni, na watu wenye mizigo kichwani, na ng'ombe wawili wa mtu fulani waliogoma kuteremka mpaka majini.